UZI: Msamiati mgumu wa Kiingereza na istilahi za fasihi, kidato cha tatu hadi cha sita

KalamuNyekundu:

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaosoma Literature in English, pamoja na wale wanaosoma English ya kawaida na kukutana humo na hadithi, mashairi na tamthilia. Walio Kenya karibuni pia, karatasi ya pili na ya tatu za Kiingereza za KCSE, mtihani wenu wa taifa wa sekondari, zimejaa mambo haya haya.

Naanza na msamiati, na kosa kubwa kuliko yote ni orodha. Mwanafunzi anapiga mstari katikati ya ukurasa, kushoto "obstinate", kulia "kaidi". Maneno mia mbili kwa wiki mbili. Siku ya mtihani anaandika "My grandmother was obstinate to educate us", akikusudia kumsifu bibi kwamba hakukata tamaa. Kumbe amemtukana, na sarufi imevunjika juu yake. Maana ya kamusi anayo. Vilivyokosekana ni vitatu: kama neno linasifu au linalaumu, linaandamana na maneno gani, na linakaa wapi katika sentensi.

Kwa hiyo badala ya daftari la mistari miwili, tumieni kadi. Karatasi moja ya manila ya ukubwa wa A1 ikikatwa nusu, kisha kila kipande nusu, hivyo hivyo mara sita, inatoa kadi 64 za kutosha kiganjani. Mbele andika sentensi yenye pengo, usiandike neno peke yake. Nyuma andika:

- neno lenyewe na aina yake (nomino, kitenzi, kivumishi)
- silabi inayokazwa, kwa herufi kubwa
- maana kwa Kiswahili, na alama + au – kuonyesha sifa au lawama
- neno au kihusishi kinachofuata
- ndugu zake: resilient, resilience
- sentensi yako inayohusu mhusika wa kitabu mnachosoma darasani

Hiyo ya mwisho msiiruke. Neno likishikamana na mhusika unayemfahamu halipotei kirahisi, na kwenye mtihani unalikuta limeshakaa mahali pake.

Kurudia: tafuta boksi, ligawe vyumba vitano. Kadi mpya zinaingia chumba cha kwanza, zinapitiwa kila siku. Ukipata, kadi inasogea chumba cha pili (kila baada ya siku mbili), cha tatu (siku nne), cha nne (siku nane), cha tano (siku kumi na sita). Ukikosa, hata kama ilikuwa chumba cha tano, inarudi cha kwanza bila huruma. Utaratibu huu aliueleza Mjerumani Sebastian Leitner mwaka 1972, na hauhitaji simu wala bando.

Ukiona chumba cha kwanza kinafurika, usiongeze kadi mpya mpaka kipungue. Wengi huacha boksi hapo, wanadhani njia imeshindwa, kumbe wameweka kadi nyingi mno kwa siku.

---

Mzalendo_F3:

Shikamoo mwalimu. Kwa siku niweke ngapi? Na nitoe wapi maneno, maana kamusi ni nene.

---

KalamuNyekundu:

Marahaba. Maneno manne kwa siku, siku tano za wiki. Ishirini kwa wiki yanatosha kwa mwenye masomo mengine saba au zaidi.

Usiyatoe kwenye kamusi kuanzia A. Kuna orodha iliyotengenezwa na Averil Coxhead mwaka 2000, inaitwa Academic Word List. Ina familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya masomo mbalimbali, zimegawanywa makundi kumi, kundi la kwanza likiwa la yanayotokea zaidi. Ukichukua yote ishirini ya wiki kutoka humo ungeimaliza kwa wiki 29 hivi. Humo utakuta "contrast", "imply", "interpret", "perspective", yaani maneno ya kujibia swali.

Ila orodha ile haina maneno ya kuelezea watu, na fasihi ni watu. Kwa hiyo kati ya manne ya siku, mawili yatoke huko na mawili yatoke kwenye kitabu unachosoma. Ukikutana na neno geni, linaingia kwenye kadi pale tu linapojitokeza mara ya pili, au linapomhusu mhusika mkuu. Mengine pita, utayaelewa kwa muktadha.

---

BintiMvita:

Asante mwalimu kwa kuanzisha. Naongeza kuhusu mizizi, kwa sababu sisi Waswahili tunayo kazi hii tayari mdomoni.

Tazama: kitabu, katibu, maktaba, mkataba. Yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wa k-t-b, wenye maana ya kuandika. Hakimu, hukumu, mahakama, hivyo hivyo. Kiingereza kimefanya jambo hilo na Kilatini. Mzizi "scrib/script" ni kuandika: describe, manuscript, inscription, prescribe. "Spect" ni kutazama: spectator, inspect, retrospect. "Cred" ni kuamini: credible, credulous, incredulous, discredit. "Bene" ni wema, "mal" ni ubaya: benevolent na malevolent, zikae kadi moja.

Halafu viambishi awali. Kwa nini "impossible" na "imbalance" lakini "inactive"? Kwa sababu ile ile inayotufanya tuseme nyumba mbovu badala ya "nbovu": n ikikutana na b au p hugeuka m. Mbele ya l inakuwa il- (illegible), mbele ya r inakuwa ir- (irregular). Ukiijua sheria hii hutakosea tahajia.

Mizizi ina mitego lakini. "Invaluable" si kitu kisicho na thamani, ni chenye thamani isiyokadirika. "Inflammable" inashika moto upesi. "Infamous" anajulikana sana, ila kwa ubaya. Mhusika "incredible" na mhusika "incredulous" ni watu wawili tofauti: wa kwanza hasadikiki, wa pili hasadiki. Kwa hiyo mzizi ukusaidie kukisia, kisha kamusi ithibitishe.

---

Mkufunzi wa Kanda ya Ziwa:

Hapo pa sifa na lawama pana utajiri, niruhusuni nikae kidogo.

Mtu asiyependa kutumia pesa ovyo Kiingereza kinampangia ngazi: "thrifty" ni sifa, "economical" ni katikati, "stingy" ni lawama, "miserly" ni lawama kali. Kwetu ni mtu mwangalifu, bahili, mchoyo. "Slim" na "skinny", tofauti yake ni kama ya kumwambia mtu "umepungua" na "umekonda". "Childlike" ni usafi wa moyo wa mtoto, "childish" ni utoto kwa mtu mzima. "Determined" hakati tamaa, "obstinate" haambiliki. Bibi wa mfano wa KalamuNyekundu alistahili "determined to educate us".

Mfano mzuri tunao nyumbani. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare "The Merchant of Venice" mwaka 1969, aliiita "Mabepari wa Venisi". "Merchant" ni mfanyabiashara tu, tena ni mmoja. Yeye akaweka wingi, na akachagua bepari, neno ambalo masikioni mwa Mtanzania wa miaka ile lilikuwa na shutuma nzito. Neno moja limebadilisha jicho la msomaji kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Mwanafunzi wa kidato cha tano akiweza kueleza hilo kwa Kiingereza, ameshaelewa "connotation", yaani kile neno linachobeba juu ya maana yake ya kamusi.

Kuna na tabaka. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilijazwa maneno ya Kifaransa juu ya yale ya kienyeji, na baadaye ya Kilatini. Ndiyo maana kuna ask, question, interrogate. Kuna kingly, royal, regal. Sisi tuna kufa na kufariki. Hakuna anayesema mbuzi amefariki. Vivyo hivyo usiandike "My father commenced consuming ugali". Baba "began to eat". Neno kubwa mahali padogo linapoteza alama kama neno dogo mahali pakubwa, na wengi wanaokariri msamiati wanaangukia hapo.

---

Asha wa HGL:

Naomba msaada kwenye uchambuzi. Mimi kila sentensi ni "the author shows". Nikibadilisha naambiwa sarufi mbaya.

---

Mkufunzi wa Kanda ya Ziwa:

Mdogo wangu, tatizo ni kwamba Kiswahili "anaonyesha" inabeba mizigo mingi, na kila mzigo kwa Kiingereza una kitenzi chake chenye sarufi yake. Jifunze na mkia wake:

- portrays / depicts mtu *as* kitu fulani: "portrays the chief as a hypocrite"
- suggests / implies *that*: anadokeza bila kusema wazi
- reveals jambo: lilikuwa limefichika, sasa limejulikana
- criticises mtu *for* kosa
- accuses mtu *of* kosa
- contrasts hiki *with* kile
- alludes *to*: anagusia kisa au maandiko ya nje bila kuyaeleza

"Imply" na "infer" zinachanganywa hata vyuoni. Mwandishi *implies*, anadokeza. Msomaji *infers*, anang'amua. Mwandishi hawezi ku-infer juu ya kitabu chake.

Upande wa pili, kuna vitenzi visivyotaka mkia na sisi tunavipachika kwa sababu Kiswahili kinao. Tunasema kujadili kuhusu, kusisitiza juu ya, ndipo zinazaliwa "discuss about" na "emphasise on". Andika "discusses corruption", "emphasises unity". Vilevile si "despite of", ni "despite" peke yake.

Na kwenye sifa za wahusika angalia aina ya neno. Kiswahili ni mnafiki, ana unafiki. Kiingereza: he is *a hypocrite* (nomino ya mtu), he is *hypocritical* (kivumishi), his *hypocrisy* (nomino ya hali). "He is hypocrisy" ni kosa linalojaa kwenye karatasi za majibu. "Cowardly" ina -ly lakini ni kivumishi: "a cowardly man". Ukiandika kadi ya sifa ya mhusika, weka maumbo yote matatu.

---

BintiMvita:

Sasa istilahi za fasihi. Nyingi mmeshazisoma kwa Kiswahili, msianze upya. Tashibiha ndiyo simile, sitiari ni metaphor, tashihisi ni personification, mubalagha (wengine huandika chuku) ni hyperbole, tafsida ni euphemism, tanakali sauti ni onomatopoeia, mbinu rejeshi ni flashback. Nafsineni ya shairi ndiyo persona. Hapo unakuwa na jina jipya tu, dhana unayo.

Majazi yaacheni pembeni, msiyatafsiri. Kenya tunafundisha kuwa ni majina yanayosadifu tabia za wahusika au mahali, kwingine neno hilo linatumika kwa lugha ya mafumbo kwa jumla. Kwa Kiingereza soma metonymy na synecdoche kama mambo mapya. Metonymy ni kutaja kitu kwa jina la kinachohusiana nacho: "Ikulu imetangaza", wakati jengo halina mdomo. Synecdoche ni sehemu kusimamia kitu kizima: "ng'ombe vichwa ishirini". Hakuna anayechunga vichwa.

Sasa mtego ninaouona haujadiliwi kabisa: alliteration. Ni kurudiwa kwa sauti ya konsonanti mwanzoni mwa maneno yaliyo karibu. Mwanafunzi aliyezoea Kiswahili haioni kama jambo, kwa sababu ngeli zetu zinarudia sauti zenyewe: *kitabu kile kikubwa kimepotea*. Pale hakuna ufundi, ni upatanisho wa kisarufi, huwezi kuukwepa. Kiingereza hakina sharti hilo. Kwa hiyo "the slow, silent snake" ni uamuzi wa mshairi, na ukiona uamuzi unauliza umefanya nini: hizo s zinasikika kama nyoka anayepita kwenye majani makavu. Mfano wa kwetu ulio wa makusudi ni ule wa kuzungusha ulimi, *wale watu wa Liwali wala wali wa Liwali*.

---

Mzalendo_F3:

Na irony? Kila kitu cha kushangaza naona watu wanaita irony.

---

KalamuNyekundu:

Si kila cha kushangaza, wala kila bahati mbaya. Mvua kunyesha siku ya harusi ni mkosi. Irony inataka mgongano kati ya vitu viwili, na kuna aina tatu:

*Verbal irony*: maneno yanakwenda kinyume na maana. Mtu kachelewa saa mbili, unamwambia "Leo umewahi kweli kweli." Ikiwa na nia ya kuchoma inaitwa sarcasm, ndiyo kejeli yetu.

*Situational irony*: tukio linakwenda kinyume na lilivyotarajiwa, tena kwa namna inayouma. Kituo cha zimamoto kinateketea.

*Dramatic irony*: hadhira inajua asilolijua mhusika. Mgeni anakaribishwa kwa heshima na mtu ambaye sisi tumemwona akitia sumu kwenye kikombe.

Katika jibu taja aina. "There is irony" peke yake haitoshi. Kisha sema nani anajua nini na nani hajui, na hapo ndipo alama zilipo.

---

Fundi Vina:

Kwa wa mashairi: msipeleke mizani ya Kiswahili kwenye Kiingereza. Shairi letu la tarbia tunahesabu silabi, nane kwa nane, mishororo minne, kina cha kati na kina cha mwisho. Kiingereza cha kimapokeo kinahesabu *mikazo*. Iambic pentameter ina silabi kumi, lakini kinachoipa jina ni mikazo mitano, dhaifu-nzito, dhaifu-nzito. Gonga meza kwa kidole unaposoma, utaisikia.

Na vina msivitafute kwa macho. Kwetu kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa, kwa hiyo kina kinaonekana. Kwa Kiingereza "love" na "move" zinafanana kwenye karatasi na hazina kina. "Cough" na "though" vivyo hivyo. Wakati huo huo blue, through, shoe na you zote zina kina kimoja. Soma kwa sauti, kisha andika herufi pembeni: a kwa sauti ya kwanza, b kwa inayotofautiana. Soneti ya Shakespeare ina mistari 14, inatoka ABAB CDCD EFEF GG. Mistari miwili ya mwisho ndiyo ya kuangalia kwanza, mara nyingi hoja inageuka au kufungwa pale.

Jambo la pili ni tone na mood. Tone ni msimamo wa nafsineni kwa anachokizungumzia: bitter, nostalgic, reverent, resigned. Mood ni hali inayomjaa msomaji: gloomy, tense, peaceful. Shairi linaweza kuwa na tone ya mzaha na bado likaacha mood ya huzuni. Na usiandike "the poet is a widow". Ni persona aliyefiwa na mume. Mshairi huenda ni kijana wa kiume.

---

BintiMvita:

Matamshi pia, maana sisi wa Kenya karatasi ya kwanza ya KCSE ina alama 30 za oral skills kati ya 60, na mwalimu yeyote darasani atakusikia.

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu daima, kwa hiyo tunakaza hivyo hivyo hata pasipofaa. Hyperbole ina silabi nne: hai-PA-bo-li. Epitome: i-PI-to-mi. Simile: SI-mi-li. Synecdoche: si-NEK-do-ki. Katika "subtle" b haisikiki. Mkazo nao unahama neno linapobadilika: SIM-bol, lakini sim-BO-lik, ME-ta-fo, lakini me-ta-FO-ri-kal. Conflict ikiwa nomino unakaza KON, ikiwa kitenzi unakaza FLIKT. Yaandikwe kwenye kadi siku hiyo hiyo, kubadili tamko lililozoeleka ni kazi kubwa kuliko kujifunza jipya.

---

Asha wa HGL:

Asanteni sana. Mwalimu, naomba unisahihishie. Mstari ni wa zoezi tulilotungiwa: "The hungry sea swallowed our boats one by one." Swali: bahari imechorwaje? Nimejibu:

*The poet has used personification. The sea is hungry. This makes the poem interesting to the reader.*

---

KalamuNyekundu:

Asha, istilahi umeiona, hilo zuri. Lakini sentensi ya pili imerudia mstari, na ya tatu inaweza kubandikwa kwenye shairi lolote duniani. Jipime hivyo siku zote: sentensi ikifaa kwa shairi jingine lolote, ifute.

Tena njaa si ya binadamu pekee, na mnyama ana njaa. Kwa hiyo kabla ya kuandika personification jiulize bahari hii inafanana na mtu au na mnyama mla nyama. Mimi naona mnyama. Jaribu:

*The sea is portrayed as a predator. "Hungry" gives it an appetite, so the loss of the boats seems deliberate rather than accidental, while "one by one" slows the line and makes the destruction feel endless.*

Angalia kilichofanyika. Sentensi ya kwanza inajibu swali moja kwa moja, kwa "portrayed as" aliyoieleza Mkufunzi. Ya pili inashika neno moja moja, si mstari mzima, na kila neno linapewa kazi yake. Kitenzi kiko wakati uliopo, is, gives, makes, kwa sababu shairi linaendelea kusema kila linaposomwa. Neno "interesting" halimo.

Umeacha "swallowed". Kumeza si kutafuna. Andika sentensi ya tatu kuhusu hilo, itume hapa kesho.